Mtani Mbele ya Mizani

Asubuhi ya kikao cha tatu cha Nakijwa, Aikaruwa Lyimo alijifungia ndani ya chumba cha Mizani hospitalini, akafungua kifuniko kilicho nyuma ya kiti, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Alilegeza kipimo.

Hakulegeza sana. Aligeuza kitasa kidogo tu kutoka kwenye alama iliyoamriwa na Bodi, kikatoa mlio wa tik, basi. Lakini alikirudisha kifuniko huku akitazama mlango kama mwizi wa kuku. Alijiambia kwamba heri yeye afukuzwe kazi kuliko mwanamke yule kurudishwa milimani ndani ya jeneza.

Nani angemlaumu? Wengi tu. Foleni ya kumlaumu ingeanzia pale Same mjini ikaishia bungeni Dodoma.

Maana Mizani ya Nia ilizaliwa na ugomvi. Kwa miaka mingi nchi ilikuwa imepasuka pande mbili juu ya suala la kutoa mimba: waliosema mama aachwe aamue mwenyewe, na waliosema kilichomo tumboni nacho kinahitaji mtetezi. Waligombana bungeni, makanisani, misikitini, barazani, hata kwenye harusi za watu wasiohusika. Ndipo wakatokea vijana wa maabara na kiti chao. Mtu anakaa, anafungwa ukanda kwenye kifundo cha mkono, jicho la kioo linamtazama machoni, sikio la mashine linaipima sauti yake, kisha mashine inatangaza kama nia yake imetulia au haijatulia. Ikitulia, mama anapewa vidonge siku hiyohiyo. Haulizwi mume, haulizwi mchungaji wala shehe. Isipotulia, anarudi nyumbani. Vikao ni vitatu, na aliyeshindwa vyote mlango wake umefungwa.

Sheria ilipopita, pande zote mbili zilipiga vigelegele. Hawa walifurahi kwamba mwanamke hataomba tena ruhusa ya mtu. Wale walifurahi kwa sababu waliamini, kimoyomoyo, kwamba hakuna mwanamke ambaye nia yake inaweza kutulia katika jambo kama lile.

Mwaka wa kwanza idadi ya mimba zilizotolewa hospitalini ikaporomoka. Redio zilitangaza wiki nzima, kila upande ukidai ushindi ni wake. Aikaruwa, aliyekuwa mkunga kabla hajafanywa fundi wa kiti, hakushangilia. Yeye aliona kwamba idadi haikuporomoka, ilihama tu. Ilihamia vichochoroni, na kutoka vichochoroni ikarudi kwake kwa mlango wa nyuma, kwenye wodi ya wanaovuja damu, ambako sasa kitanda kimoja kililala watu wawili, kichwa huku na kichwa kule. Wakazuka hata makungwi wa Mizani, mabibi wajanja wa mjini waliowafunda wasichana namna ya kukaa kitini wakavu: usicheke, usilie, fikiria ukuta. Waliofundwa walipita. Waliokuja na mioyo yao mizima ndio walioanguka.

Na Nakijwa Mgonja alikuja na moyo wake mzima, pamoja na mdomo wake.

*

Alikuwa mkulima wa tangawizi kutoka juu milimani, mama wa mabinti watatu. Mimba ya binti wa mwisho ilimtia kifafa cha mimba, akalala siku kadhaa hajui mbingu wala ardhi, na alipozinduka daktari alimwambia wazi kwamba nyingine kama ile inaweza kuondoka naye. Yeye na mumewe walijikinga, kinga ikawasaliti. Sheria ilikuwa na mlango wa dharura kwa mama aliye hatarini, ila hatari ilitakiwa ionekane kwa macho, na Nakijwa wakati ule alionekana mzima wa afya, anatembea, anacheka, anatania kila aliyemkuta.

Siku ya kikao cha kwanza alisikia tu jina la Lyimo, akapiga makofi.

"Mchaga! Mmemaliza kutuuzia sukari, sasa mnatuuzia viti?"

"Kaa hapo, Mpare," Aikaruwa alimjibu, "ukimaliza ukakishtaki kiti, maana najua kesi kwenu ni chakula."

Walicheka wote wawili. Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi na enzi. Wanachambana hadi msibani, na anayechambwa hana ruhusa ya kununa. Ni mapenzi, ila yamevaa nguo za matusi. Tatizo ni kwamba vijana wa maabara waliokifunza kiti kusikiliza hawakukumbuka kukifunza utani.

"Una hakika kwamba unataka kusitisha mimba hii?" kiti kiliuliza kwa ile sauti yake ya mhudumu wa benki.

"Mpare akishafungua kesi haifuti," Nakijwa alijibu, "hata kama anagombania jogoo!"

Kiti kikasikia kejeli. Nia haijatulia.

Aikaruwa alijilaumu usiku kucha, kwani yeye ndiye aliyemchochea. Kikao cha pili wakapatana: utani mwiko. Nakijwa alikaa kitini kama yuko mbele ya askofu. Kiti kikamuuliza sababu. Alianza vizuri, akasema kuhusu kifafa, akasema kuhusu daktari, halafu akafika kwa mabinti zake, akawataja majina, machozi yakamwagika. Kiti kikaona huzuni, kikaiita shaka. Nia haijatulia.

"Sasa mashine yenu inataka niwe nani?" aliuliza akijifuta kwa kitenge. "Nikicheka nimekosa, nikilia nimekosa."

Aikaruwa alimfungua ukanda. Alitamani kumwambia aende kwa makungwi akafundwe ukavu, lakini aliona haya kumwambia mtu aende akajifunze kutokuwa mtu.

Nakijwa akafanya kile ambacho watani wake wangekitabiri. Alishtaki. Alipeleka malalamiko Bodi ya Mizani kwamba kiti kimemwonea, na mwenyekiti wa Bodi, kwa sababu alizozijua mwenyewe, akajibu kwamba atakuja kukishuhudia kikao cha tatu kwa macho yake. Hapo ndipo Aikaruwa alipoogopa kweli. Na hapo ndipo alipokata shauri la kukilegeza kitasa.

*

Mzee Ndelilio Kimaro, mwenyekiti wa Bodi, alishuka kwenye gari la Bodi, gari lile lisilo na dereva, akiwa na koti zito licha ya joto la Same na kofia ya pama kichwani. Alikuwa jaji mstaafu, Mchaga kama Aikaruwa, mmoja wa wale waliopigania sheria ile wakiwa upande wa kilichomo tumboni. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini alichokiamini, na aliamini kwamba mashine haina upendeleo.

Nakijwa alimwacha mumewe, Eliewaha, kwenye benchi la nje, akaingia.

"Shikamoo, mangi," alisema, akimwita kwa cheo cha machifu wa Kichaga.

"Marahaba, mama. Ndiye wewe uliyekishtaki kiti?"

"Ndiye. Kimenishinda mara mbili, nimekuja kukata rufaa."

Mzee alitabasamu, akakionyesha kiti kwa mkono wote, kama anamkaribisha mgeni mezani. Aikaruwa, aliyesimama nyuma ya kiti, alianza kuomba kimoyomoyo: kaa, mama, kaa tu, leo utapita, kaa.

Nakijwa hakukaa.

"Kaa wewe kwanza," alimwambia mwenyekiti.

"Mimi sina mimba, mama."

"Naona. Tumbo hilo ni la pombe yenu ya mbege tu."

Makarani wawili wa Bodi waliofuatana naye waliangalia chini, mabega yakitikisika. Mzee Kimaro alifungua mdomo kutoa onyo la kijaji, lakini kabla neno halijatoka, Nakijwa alinyoosha mkono, akamvua kofia, akaiweka juu ya kiti.

"Kofia yako imeshakaa," alisema. "Ukiitaka, ifuate. Pima kwanza jambo lako ulilolikata mwenyewe, jambo lililokuuma. Kiti kikikubali, nami nitakaa na sitalalamika tena maisha yangu yote."

Makarani waliinua vichwa kumtazama mzee. Hiyo ndiyo sheria ya watani: mtani akichukua kitu chako, hukichukui tena kwa nguvu, unakikomboa kwa anachotaka yeye. Mchaga aliyemkasirikia Mpare juu ya utani angesimuliwa kuanzia Rombo hadi Machame, na wajukuu zake wangezomewa shuleni. Mzee alikitazama kiti, akamtazama mama, akacheka bila kupenda.

"Haya. Nifungeni ukanda."

Aikaruwa alikumbuka alichokifanya asubuhi. Kitasa kilikuwa kimelegea! Mzee akikaa sasa, atapita. Atainuka akisema kiti ni cha haki, kesi imekwisha. Kisha Nakijwa atakaa, naye atapita, atapewa vidonge, ataishi. Ila kiti kitabaki, tena kimebarikiwa na mwenyekiti, na wodi ya nyuma itaendelea kujaa. Kitasa kikirudishwa kwenye alama, huenda mzee akaanguka na kiti kikaumbuka. Au huenda ana moyo wa jiwe, akapita, na Nakijwa akabaki kukikabili kiti kikali katika kikao chake cha mwisho.

Kuokoa mmoja au kuwapigania wote? Aikaruwa alikuwa ameshikilia kifuniko cha kiti. Ndipo ilipomjia kwamba anakaribia kufanya kosa lilelile la kila mtu. Anataka kumwamulia mama wa watu.

"Ukanda hautaki jasho," alisema kwa sauti. "Mama, njoo unawe mikono, zamu yako inafuata."

*

Kwenye korido, bomba likiwa limefunguliwa ili maji yapige kelele, Aikaruwa alimweleza. Alimweleza yote bila kuzunguka: alivyokilegeza kiti asubuhi, kwamba akikaa kikiwa hivyo yuko salama, kwamba mzee naye atapita, na kwamba kukikaza ni kucheza na maisha yake.

Nakijwa alikung'uta maji mikononi. Alitazama nje dirishani, Eliewaha alikokuwa ameinama kwenye benchi, viwiko magotini. Kisha akatazama upande wa pili, kwenye mlango wa wodi, ambapo msichana mmoja aliyefunikwa shuka hadi kidevuni alikuwa anaulizia maji ya kunywa.

"Nina mabinti watatu," alisema hatimaye. "Iko siku watakikalia hiki."

"Wewe kwanza, mama. Fikiria roho yako kwanza."

"Nimefikiri. Kaza."

"Una hakika?"

Nakijwa aligeuka, akamwangalia, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi, vyote kwa mpigo. "Hata wewe unaniuliza kama kiti? Naogopa, mtani wangu. Naogopa kweli. Kaza."

Aikaruwa alimtazama mwanamke yule anayetetemeka, anayelia, anayecheka, na akajua kwamba hajawahi kumwona mtu mwenye uhakika kumzidi. Hakuhitaji kioo wala ukanda kujua hilo. Alifunga bomba, akarudi chumbani, akafungua kifuniko mbele ya watu wote kama fundi anayefanya ukaguzi wa kawaida, akakirudisha kitasa kwenye alama ya Bodi. Tik.

*

Mzee Kimaro alikaa, kofia mapajani, ukanda mkononi.

"Taja uamuzi wako," kiti kilisema.

"Niliuza ng'ombe wangu watano kwa siku moja."

"Aaa, hapana!" Nakijwa aliruka. "Mangi, hilo lilikuuma mfukoni. Tunataka lililokuuma moyoni."

Makarani walicheka tena. Mzee naye alicheka, lakini kicheko kilimwishia njiani. Alikaa akiizungusha kofia kwa vidole. Alipozungumza tena hakuwa anazungumza na mtani wala na makarani.

"Mwaka juzi," alisema, "mke wangu alikuwa na sukari. Mguu ulianza kuoza. Daktari aliniambia tuukate au tumzike. Mke wangu hakuwa anajitambua, kwa hiyo niliamua mimi. Nikasema ukatwe."

"Una hakika na uamuzi huo?" kiti kiliuliza.

"Nina hakika. Yuko hai. Jana kanipikia kitawa cha ndizi. Ningeukata tena hata leo." Aliiminya kofia mapajani. "Alikuwa mcheza ngoma, unajua. Alipozinduka aliuliza viatu vyake viko wapi..."

Alijifunika uso kwa kofia, na mabega ya jaji mstaafu yakatikisika, safari hii si kwa kicheko.

"Nia haijatulia," kilisema kiti kwa upole. "Tafadhali rudi nyumbani ukafikiri."

Mzee alishusha kofia. Macho yalikuwa mekundu.

"Nikafikiri nini?" aliuliza. Halafu akapaza sauti, akikipigia kelele kiti kana kwamba ni mtoto mtukutu: "Nikafikiri nini, wewe! Mguu ulikuwa unaoza!"

"Tafadhali rudi nyumbani ukafikiri," kilirudia kiti.

Mzee Kimaro aligeuza shingo. "Fundi. Kiti hiki kiko sawasawa?"

Aikaruwa alipiga moyo konde. "Kiko kwenye alama ya Bodi, mzee, alama yenyewe hasa. Ila asubuhi hakikuwa hapo. Nilikilegeza ili mama huyu apite. Nimekirudisha kabla hujakaa, na yeye ndiye aliyetaka kirudishwe, huku akijua anachokihatarisha."

"Yeye?"

"Yeye, mzee."

Mwenyekiti alimgeukia Nakijwa. Kisha alijifungua ukanda mwenyewe, akainuka kutoka kwenye kile kiti cha thamani, akavuta kiti cha plastiki cha makarani, akakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Mama," alisema, "acha sasa nikuulize mimi, mtu kwa mtu. Unataka nini?"

"Nataka kuisitisha mimba hii, nikawalee niliowazaa. Nitailia. Nimeanza kuilia tangu siku niliyoijua. Lakini nataka."

"Kuna mtu anakulazimisha?"

"Hakuna."

Mzee alivuta pumzi. "Nikuambie ukweli. Moyo wangu bado hauko upande wako."

"Sikuombi moyo wako, mangi. Nakuomba njia."

Mzee aliinuka. Akaivaa kofia, akaiweka sawa, akawageukia makarani. "Kizimeni. Hiki na vyote vya kanda hii, hadi Bodi ikutane. Mama akija, aulizwe na mkunga kama nilivyouliza mimi, na neno lake litoshe." Kisha kwa Aikaruwa: "Wewe na kitasa chako tutaongea. Usidhani nimesahau."

"Sawa, mzee," alisema Aikaruwa, na alishangaa kuona kwamba haogopi kabisa. Kifua kilikuwa chepesi kama siku aliyomaliza mitihani ya ukunga.

"Bungeni watanila nyama," mzee alinong'ona akielekea mlangoni.

"Watapata mafuta mengi," Nakijwa alimjibu, na safari hii mzee alicheka hadi akashika fremu ya mlango.

*

Nakijwa alipewa vidonge siku hiyohiyo, kwenye chumba chenye dirisha linaloitazama milima. Maumivu yalipokuja Aikaruwa alikaa naye, akamkanda mgongo kwa maji ya moto, akamsikiliza. Alilia kama alivyosema atalia. Katikati ya kulia alimwambia Aikaruwa kwamba Wachaga wana mikono migumu, waende wakakande ndizi. Alasiri, kila kitu kilipokwisha salama na shinikizo la damu likapimwa likawa zuri, alikunywa uji kikombe kizima, akalala usingizi mzito wa mtu aliyetua mzigo.

Aikaruwa alitoka nje. Alikuwa amechoka mpaka kwenye nyusi, na alijisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia tangu kiti kile kiletwe.

Eliewaha alikuwa palepale kwenye benchi. Alipomwona aliinuka. Mwanamume mzima, mabega ya kubebea magunia ya tangawizi, alisimama akimwangalia mkunga usoni kama anasoma hukumu.

"Mzima," Aikaruwa aliwahi kumwambia. "Amelala. Jioni hii unaweza kumpeleka nyumbani."

Eliewaha alikaa. Alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavigeuza tena.

"Nilikuwa najifunza kusuka, dada," alisema taratibu. "Mama watoto hajui. Jirani alikuwa ananifundisha kwa siri, mistari ile ya kwenda shule. Nilisema isije ikatokea... maana wale watoto ni watatu, na nywele zao ni nyingi, na mimi vidole hivi..."

Aikaruwa alikaa kando yake, akavishika vile vidole vinene vilivyopasuka kwa jembe, akavifunga ndani ya mikono yake.

"Basi," alimwambia. "Acha kujifunza. Mama yao atawasuka."

Eliewaha aliinamisha kichwa, akaanza kucheka, akacheka hadi machozi yakamdondokea magotini.